Wapiga picha tupeane uzoefu: mteja aliyerudi baada ya miaka kuulizia picha

#1, mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu habari za jioni. Nipo kwenye picha za mnato tangu 2011, na send-off na harusi ndizo zinazonilisha. Bei na kamera tunazijadili kila siku. Leo naomba tuongelee kitu ambacho hakimo kwenye mkataba wowote niliowahi kusaini: simu ya mteja wa zamani anayeuliza, "Kaka, zile picha bado unazo?"

Naanza na yangu. Agosti 2015 nilipiga send-off moja Tandika. Kamati ililipia picha 200 na albamu. Nikapiga kama 900, nikachagua, nikakabidhi, nikamaliziwa hela yangu. Mwaka 2023, saa tatu usiku, ikaingia namba ngeni. Ni yule bibi harusi. Baba yake alikuwa amefariki mchana ule, albamu iliharibiwa na mafuriko, na picha zilizokuwa kwenye simu za ndugu ukizivuta kubwa zinapasuka. Walitaka moja tu ya kuweka mbele ya jeneza.

Diski ilikuwa kwenye boksi la viatu juu ya kabati. Nikaichomeka, ikazunguka, ikasita. Nikasali kimoyomoyo. Ikafunguka. Picha zote za mzee pale meza kuu kakaza uso, mnajua wazee wetu wakiona kamera. Nikaendelea kushuka hadi nikakuta moja ambayo sikuwahi kuikabidhi, kwa sababu mhudumu mwenye kreti la soda alikatiza pembeni. Mzee amesimama mlangoni mwa ukumbi, anamtazama binti yake akishuka kwenye gari. Mkono uko kwenye kola, shati ni jipya kabisa, bado lina mikunjo ya kwenye pakiti kifuani. Mdomo umefunguka kidogo kama mtu anayetaka kuita jina.

Nikamkata yule mhudumu, asubuhi nikaprinti A3, nikatia fremu, nikaipeleka mwenyewe. Mama mjane aliipokea, hakulia. Alipitisha kidole kwenye ile mikunjo, akasema, "Hili shati nilimnunulia mimi."

Sikuchukua hela. Na tangu siku hiyo sifuti picha ya mtu, hata ile iliyokatizwa. Karibuni.

#2, Morogoro

Pole na hongera mkuu. Yangu haikuishia hivyo.

Nina kistudio cha pasipoti. Zamani kompyuta ilikuwa ikijaa, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nafuta. Siku moja akaja mama mmoja anaulizia pasipoti ya kijana wake, aliipiga kwangu alipokuwa anaomba chuo. Nikamwambia sina. Akasema, "Haya mwanangu," akakaa kwenye benchi la wateja muda mrefu, akaondoka. Sikumuuliza kijana yuko wapi. Niliogopa jibu.

Sasa hivi kila faili naliita kwa namba ya simu ya mteja na tarehe. Flashi ya GB 32 inabeba maelfu ya pasipoti. Gharama yenyewe ndogo sana, ndiyo maana inaniuma.

#3, Mwanza

Mimi mteja hakusubiri miaka. Nilifomati kadi yenye ibada nzima ya ndoa nikidhani ni ile tupu, tukiwa njiani kwenda ukumbini. Wadogo zangu mnaoanza, shikeni hili: kufomati kwenye kamera mara nyingi hufuta orodha inayoonyesha picha iko wapi, picha zenyewe hubaki hadi upige nyingine juu yake. Kwa hiyo ukigundua, toa kadi hapo hapo, usipige hata moja. Nilifanya hivyo, nikaazima kadi ya mtu wa video, usiku nikaiendesha kwa PhotoRec, programu ya bure. Alfajiri picha zilirudi, majina yote yamepotea, lakini pete na viapo vipo.

Nilimweleza bwana harusi ukweli wiki ileile. Hakukasirika.

#4, Tanga

Mleta mada, nakuheshimu, ila hapo kwenye "sifuti picha ya mtu" naomba nikupinge kidogo.

Mimi ni mwanamke, napiga shughuli za wanawake peke yao. Kule ndani watu wamevua mabuibui, nywele ziko wazi, wamama wanacheza wakiwa na uhakika kwamba sura zao haziendi popote. Wananiita mimi kwa sababu ya uhakika huo. Makubaliano yangu ni kukabidhi kila kitu na kufuta baada ya siku 90. Na hata serikali sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sura ya mtu si mali yangu eti kwa kuwa nilibonyeza mimi.

Lakini nami limenikuta. Bibi harusi mmoja alirudi baada ya miaka mitatu. Mama yake alikuwa ametangulia mbele ya haki, na simu aliyohifadhia picha iliibiwa. Aliniuliza swali lilelile, "Dada, unazo?" Sikuwa nazo. Nilikuwa nimefuta kama nilivyoahidi. Alijua nimetimiza ahadi, na bado nilimwona akitafuta kwenye uso wangu kama nimebakiza hata moja.

#5, Unguja

Assalaam alaykum. Nilijifunza kazi enzi za filamu, kusafisha picha gizani. Wazee wa familia nyengine walikuwa wakija kuchukua picha za mabinti zao wanataka na negativu, ile filamu yenyewe inayosafishiwa picha, tunawapa. Jambo hilo la dada wa Tanga si geni hapa.

Walio na negativu msizitie kwenye nailoni. Joto na unyevu wa pwani vitazigandisha. Bahasha za karatasi, kisha sanduku lisilogusa ukuta. Nenda Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza 1930, utazame zile sura ukutani. Kuna aliyezitunza.

#6, mleta mada

Dada wa Tanga umenifikirisha, sikuwahi kuliangalia upande huo. Baada ya yule binti, unafanyaje siku hizi?

#7, Tanga

Siku 90 sijazigusa. Ila sasa nakabidhi flashi mbili, ya pili naifunga kwenye kitambaa na kumwambia bibi harusi ampe mama yake aiweke kwenye sanduku la kanga. Na siku ya 80 nampigia simu: "Fungua zote mbili nikiwa hewani, uniambie unaona nini." Ananitajia picha mojamoja. Akimaliza, ndipo nafuta.