Tupeane uzoefu: maandishi na vipimo kwenye ramani za skeli tofauti, wewe uliumbuka wapi?

KalamuYaRisasi:
Wakuu habari za jioni. Uzi huu ni wa sisi wachora ramani, hasa wa AutoCAD ila wa programu nyingine pia karibuni, tupeane uzoefu wa huu ugonjwa wa maandishi na vipimo kutolingana kwenye karatasi moja. Naanza kujianika mwenyewe.

Nilipata kazi ya nyumba ya ghorofa moja, plani 1:100 (milimita 1 ya karatasi ni 100 za nyumba), seksheni (nyumba ikiwa imekatwa wima) 1:50, ngazi nikaitolea ditelii ya 1:20, zote zikae A1 moja. Kazi nilijifunzia mtaani kwa jamaa aliyekuwa anachora kila kitu modeli spesi (uwanja wa kuchorea kwa vipimo halisi), hata fremu ya karatasi anaikuza mara 100 ndo anaizungushia ramani, na mimi nikabeba hivyo hivyo. Hesabu nilikuwa nayo kwenye kikaratasi nimekibandika chini ya skrini kwa selotepu, herufi ya milimita 2.5 kwenye karatasi, 1:100 unaandika 250, 1:50 unaandika 125, 1:20 unaandika 50. Sasa tatizo ni kwamba fremu yenyewe ni ya 1:100, kwa hiyo seksheni inabidi uikuze mara 2 na ngazi mara 5 ili zikae kwenye skeli yake. Nikazikuza. Mlango wa 900 ukasomeka 1800. Ngazi ya upana wa 1200 ikawa 6000, ngazi ya ikulu hiyo.

Badala ya kutafuta dawa, saa sita usiku nikaanza kubofya kipimo kimoja kimoja naandika namba kwa mkono juu yake. Nikamaliza saa nane, nikalala kwa amani kabisa. Wiki mbili baadaye mteja kabadilisha mlango wa choo toka 900 kuwa 800, nikasogeza ukuta fasta, namba ikabaki pale pale 900 inanikodolea macho na mimi wala sijaiona. Fundi seremala akapiga fremu ya 900. Na juu ya yote herufi nyingine nilikopi toka faili la zamani zikiwa na 125, kwenye karatasi zikatoka nusu ya wenzake, mteja akaishika ramani akaniuliza "hii mmechora watu wangapi?"

Haya, na wewe je?

DadaWaLeiauti:
Kaka pole, ila nimecheka hiyo ngazi ya ikulu. Dawa ya ile namba ni DIMLFAC (kizidishi cha namba ya kipimo), ukikuza mchoro mara 2 unaiweka 0.5 na kipimo kinasoma cha ukweli, ukikuza mara 5 unaweka 0.2. Lakini kusema ukweli usikuze kitu. Chora 1 kwa 1 modeli spesi, nenda leiauti (ukurasa wa karatasi yenyewe), toboa vyupoti (madirisha ya kuangalia mchoro), moja ya 1:100, nyingine 1:50, nyingine 1:20, kila dirisha linaangalia mchoro ule ule kwa skeli yake na mlango unabaki 900 kote.

Mimi balaa langu lilitoka kwenye anotetivu. Ile ilikuja na AutoCAD 2008, unaiambia programu nataka 2.5 kwenye karatasi, yenyewe inapiga hesabu kwa kila skeli. Raha sana, hadi siku niliyotoa seksheni ya msingi dirisha la 1:20 na maelezo yangu yote yalikuwa na skeli mbili tu, 1:50 na 1:100. Kama haina 1:20 haionekani kwenye dirisha la 1:20, basi. Kwenye skrini yangu modeli spesi nilikuwa naona kila kitu maana ANNOALLVISIBLE, ile ya kuonyesha hata maandishi yasiyo na skeli husika, ilikuwa imewashwa, nikaridhika. Karatasi ikatoka msingi mtupu, hakuna maelezo ya DPM (nailoni ya kuzuia unyevu), hakuna unene wa zege, mistari tu na hachi (michirizi ya kujazia). Bosi hakusema kitu, aliigeuza akaanza kuiandikia orodha ya vitu vya kununua sokoni.

Tangu hapo nafunga vyupoti zote kufuli nikishapanga, na sitoi PDF bila kuzimulika moja moja. Kufuli ni muhimu jamani, mtu akiingia ndani ya dirisha akazungusha gurudumu la mausi kidogo tu 1:50 inakuwa 1:53 na kwa macho huoni tofauti yoyote, fundi ndo atakuja kuiona akiweka rula ya skeli.

Ngosha_CAD:
Dada mimi na anotetivu tuliachana. Niliiacha ile ya kujiongezea skeli yenyewe ikiwa imewashwa, ANNOAUTOSCALE, kila nikibadili skeli kuangalia kitu kila andishi linajizalia nakala ya skeli hiyo, nikisogeza maandishi ya 1:100 ya 1:50 yanabaki yamekaa juu ya ukuta. Sasa hivi vipimo naweka huko huko pepa spesi (upande wa karatasi) juu ya dirisha, herufi 2.5 mstari kwa mstari, skeli yoyote ile 2.5 ni 2.5. Hamna hesabu hamna dawa.

DadaWaLeiauti:
Na dirisha likisogezwa je? Vipimo vyako vinabaki vinaelea hewani. Mimi nimewahi kuviona vya mtu vimekaa nje ya nyumba kabisa.

Ngosha_CAD:
DIMASSOC nimeiacha 2, vinashikana na mchoro. Vikigoma navishikisha upya. Usiku mmoja viligoma vyote, sikatai.

MzeeStensili:
Vijana wangu, nawasoma tu hapa natabasamu. Sisi tulianza na karatasi ya kupitishia mwanga na kalamu za wino. Ulikuwa na stensili ya 2.5, ya 3.5 na ya 5, na kila stensili na kalamu yake, ya 2.5 unatumia nibu ya 0.25, ya 3.5 nibu ya 0.35, ya vichwa vya habari 5 na nibu ya 0.5. Ukibadili skeli ya mchoro stensili haibadiliki, iko mkononi. Hakuna aliyewahi kuandika herufi ya 250, ungeiandikia wapi, ukutani? Ukikosea unakwangua wino kwa wembe taratibu, halafu unasugua kwa ukucha pale ulipokwangua ili wino mpya usisambae. Kisha karatasi inaenda kwenye mashine ya amonia, harufu ile ukiivuta asubuhi huhitaji chai.

Lakini nisiwadanganye kwamba hatukuumbuka. Sisi tuliumbuliwa na fotokopi. Ilipoanza tabia ya kupunguza A1 iwe A3 ili ibebeke, kila kitu kinakuwa nusu. 1:100 inakuwa 1:200 na herufi ya 2.5 inabaki 1.25. Tumbo la 8 linajaa wino, 3 na 6 na 8 zote zinafanana watoto wa baba mmoja. Mkuu wetu wa ofisi alikuwa anashika karatasi kwa mkono ulionyooka kabisa, kitu asichokisoma anakirudisha. Kama unajua itapunguzwa, andika 3.5 tangu mwanzo, na kile kibox cha skeli andika 1:100 kwa A1 na 1:200 kwa A3, vyote viwili.

NondoKumi:
Shikamoo mzee. Hapo kwenye 8 na 6 ndo kwangu mimi. Sio mchoraji, mimi ni forimeni, nisamehewe kuingia. Sisi A1 tunaisikia tu, saiti inakuja A3 imekunjwa mara nne imelowa jasho la mtu mfukoni, au picha ya WhatsApp. Kuna nguzo ziliandikwa R8-150 kwa ringi, yaani chuma cha milimita 8 kila baada ya milimita 150, tukasoma R6. Tumenunua R6, tumekata, tumekunja, tumefunga nguzo tisa, injinia kaja na ramani yake kubwa safi kabisa kaangalia ringi kaangalia karatasi kaniuliza nani kakwambia sita. Nikamwonyesha karatasi yangu. Akaivua miwani, akaivaa, akasema "mh". Tukafungua ringi zote siku hiyo hiyo na mvua juu.

Ombi langu kwenu wachoraji, PDF tumeni kama dokumenti msitume kama picha, ile picha inabanwa hata ukivuta kwa vidole unaona ukungu. Na namba ya nondo msiiwekee herufi ya mwisho kwa udogo, hiyo ndo tunayoinunulia chuma.

MzeeStensili:
Marahaba. Huyu ndiye aliyetakiwa kuanzisha uzi.

BikoniYaKilifi:
Salaam kutoka Kilifi, mie ni msaveya. Nyinyi mwalia na 250 na 125, sisi uniti yetu ni mita, kwa hivyo 1:1000 herufi ya 2.5 kwenye karatasi naiandika 2.5 tu, 1:2500 ni 6.25. Basi msanifu mmoja aliniomba faili la kiwanja, nikampa, akaliingiza kwenye faili lake la milimita. Kanipigia simu kwa hasira, faili lako tupu. Halikuwa tupu, kiwanja cha mita 30 kilikuwa kimekaa milimita 30, kama kiberiti, tena mbali kule kwenye koodineti zake maana bikoni nazichora kwa UTM (koodineti za ramani ya dunia kwa mita), na namba za bikoni hata chungu hazisomi. Nikamwambia kuza mara 1000. Akakuza, lakini kila nyumba aliyokwisha kuichora pale mwanzoni ikabaki kilomita na kilomita mbali na kiwanja chake.

Siku hizi kabla sijatuma faili naandika ndani yake kwa herufi kubwa UNITI NI MITA, na mwenye kupokea namuuliza yeye achora kwa nini. Hilo swali moja tu limeniondolea simu nyingi za asubuhi.

RevitTu:
Hamjachoka? Kwenye Revit, programu nyingine ya kuchora, andishi ni 2.5 ya karatasi, ukibadili skeli ya muonekano linajipanga lenyewe. Hizi hesabu zenu nilizisahau kitambo.

Ngosha_CAD:
Mkuu sema na lile la pili basi.

RevitTu:
Haya nakubali, ukitoka 1:50 kwenda 1:100 maandishi yanapandana kwa sababu nyumba imepungua kwenye karatasi na herufi hazijapungua, unakaa jioni nzima unayasogeza moja moja. Na mtu akikuletea faili la DWG (la AutoCAD) lenye herufi zake humo ndani hizo hazikusikilizi kabisa. Ila namba haidanganyi, ukitaka mlango uandike 800 lazima uufanye 800.

KijanaWaPlota:
Mimi nakaa kwenye plota (mashine ya kuchapa ramani kubwa), stesheneri, naziona za wote nyinyi. Kubwa kuliko yote ni "fiti kwa karatasi". Mteja anakuja na PDF ya A1 anasema nitolee A2 pesa haitoshi, natoa, 1:100 yake sasa ni kama 1:141 na hiyo rula haipo duniani, kibox kinasema 1:100 na kinaenda hivyo hivyo kuombewa kibali. Halafu akirudishiwa analaumu plota. Wekeni skeli ya mstari kwenye kila mchoro, ule mstari wenye mita 0, 1, 2, 5, karatasi ikipungua na wenyewe unapungua nayo. Mimi nina rula hapa, mteja akitaka tunapima ule mstari kabla hajalipa. Wengi hawataki, wana haraka.

DadaWaLeiauti:
Nyongeza ndogo kwa KalamuYaRisasi kabla sijalala. Kwenye stailii ya maandishi urefu acha 0. Ukiandika namba pale, urefu wa herufi unaoweka kwenye stailii ya vipimo haufanyi kazi, unabadili unabadili kitu hakisogei unadhani programu imerogwa. Mistari ya vidoto nayo ikikusumbua, PSLTSCALE iwe 1, vidoto vitalingana kwenye madirisha yote. Na ukikopi toka faili za watu utajikuta una skeli mia mbili kwenye orodha, andika -SCALELISTEDIT, chagua Reset (irudi orodha ya mwanzo), usizifute moja moja kama nilivyofanya mimi Jumapili nzima.

KalamuYaRisasi:
Wakuu asanteni sana, na mzee shikamoo. Jana nimeihamisha ile ramani yote, ngazi na seksheni nimezirudisha 1 kwa 1, leiauti moja, vyupoti tatu zimefungwa kufuli. Kikaratasi cha selotepu nimekibandua, kimeacha alama ya gundi.

Sasa, baada ya kusoma ya RevitTu nikaingiwa na wasiwasi nikatafuta vile vipimo nilivyoandika kwa mkono ule usiku. Nimetumia QSELECT, nikachagua vipimo vyote ambavyo kisanduku cha maandishi ya juu si kitupu. Vimetoka 23. Nimevifuta namba za mkono kimoja kimoja naangalia kinasoma nini. 22 vimetoka sawa. Kimoja ni dirisha la jikoni, niliandika 1200, mchoro unasoma 1500, na orodha ya madirisha niliyompa mtu wa aluminiamu inasema 1500.

Nimempigia fundi, anasema jikoni wameshafika linta (boriti ya juu ya madirisha). Nimemuuliza tundu ni la ngapi, anasema hakumbuki, waliangalia ramani. Kesho saa moja asubuhi niko saiti na futi.