Mjadala: Osaka, Japani, imefunga vibali vipya vya minpaku (nyumba za mtaani za kulaza wageni). Anayekwenda kukaa miezi miwili alale wapi?

Mama Mkubwa (mleta mada)

Jamani, habari za humu. Naleta hili kwa sababu limenigusa, na najua wengi wenu mna mdogo, kaka au mtoto Japani.

Mwanzoni mwa mwaka nilikaa Osaka wiki tisa. Mdogo wangu alijifungua kule, mumewe anatoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kazini, na mimi ndiye niliyekwenda kumlea mpaka arobaini ipite. Viza ya kutembelea ndugu mwisho wake ni siku 90, na kabla hawajakupa wanataka ratiba yenye anwani ya kila mahali utakapolala. Kwa mdogo wangu sikuweza kukaa. Wanaishi chumba kimoja cha tatami sita, yaani mikeka sita ya Kijapani, kama mita za mraba 10, na mkataba wao umewataja wakazi kwa majina. Ukilala siku mbili hakuna atakayeuliza. Ukilala miezi miwili umewachongea kwa mwenye nyumba.

Tukapiga hesabu. Hoteli ya kawaida karibu na stesheni ilikuwa yen 9,000 kwa usiku, mara 63 ni yen 567,000. Kupanga chumba kama mkazi hakuwezekani: dalali anataka kadi ya ukaazi, ambayo mgeni wa siku 90 hapewi, anataka kampuni ya udhamini, amana, na ile reikin ambayo sisi wa Pwani tunaijua kwa jina la kilemba, ukiitoa imekwenda. Tulichopata mwishowe ni minpaku, yaani nyumba ya mtaani yenye kibali cha kulaza wageni, katika kata ya Ikuno, mwendo wa dakika nane kwa miguu hadi kwa mdogo wangu. Yen 4,500 kwa usiku, jumla 283,500. Chini ya yen 5,000 hata ushuru wa malazi wa mkoa haukugusi.

Na kilikuwa na jiko. Mzazi hali mkate wa dukani akatoa maziwa. Unga wa ulezi nilikwenda nao kutoka Tanga, naamka saa kumi alfajiri, nakoroga uji, naufunga kwenye chupa ya chai, napita chini ya reli pale Tsuruhashi ambapo harufu ya nyama choma ya mikahawa ya Wakorea inabaki hewani hata vibanda vikiwa vimefungwa. Nikifika uji bado unaunguza ulimi. Hotelini ningeukorogea wapi?

Sasa suala lenyewe. Sheria ya minpaku ya Japani, iliyoanza kutumika Juni 2018, inamruhusu mwenye nyumba kulaza wageni siku 180 tu kwa mwaka. Osaka ina njia ya pili, kibali cha eneo maalumu, yaani eneo lililolegezewa masharti, ambacho kinaruhusu mwaka mzima, na zaidi ya tisa kwa kumi ya vibali vya namna hiyo nchini viko huko. Mwaka 2025 jiji likaamua kuacha kupokea maombi mapya, mwisho Mei 2026. Wenye vibali wanaendelea, wapya basi.

Mimi nasema jiji limekata mkono badala ya kidole. Kibali hiki kilipoanza jijini Oktoba 2016, mgeni alitakiwa akae si chini ya siku saba. Miezi michache tu baadaye, Januari 2017, wakashusha hadi siku tatu. Watu wanaolalamikiwa na majirani ni hao wa siku tatu. Warudishe siku saba, wasifunge mlango kwa wote. Nangoja michango, hasa ya mnaoishi kule.

Mkazi wa Naniwa

Hongera ya mtoto, dada. Akue. Ila kwenye hoja yako nakupinga.

Naishi kata ya Naniwa mwaka wa kumi na moja huu. Jengo letu lina nyumba 24, tisa sasa ni za wageni. Saa saba usiku nasikia magurudumu ya masanduku kwenye korido ya zege, halafu kengele yangu inalia. Nafungua, namkuta mama mtu mzima na binti yake, wamekufa kwa uchovu, wananionyesha simu. Wanatafuta 503, mimi ni 403. Sina ugomvi nao hata kidogo. Ugomvi wangu ni na mwenye chumba, ambaye hayupo hata nchini, na funguo ameziacha kwenye kisanduku cha namba alichokifunga kwenye bomba la gesi. Mwezi mmoja nimewapandisha wageni wake juu mara nne, na mke wangu anaamka saa kumi na moja.

Takataka ndiyo usiseme. Jiji linazoa taka za kawaida mara mbili kwa wiki, kwenye mifuko inayoonyesha ndani. Taka za wageni kisheria ni taka za biashara, mwenye kibali anatakiwa aite kampuni ya kuzoa na ailipe. Wa kwetu halipi. Mifuko inatupwa kwenye kizimba chetu Jumapili, kunguru wanaichana, na anayefagia ni bibi wa nyumba ya chini ambaye mgongo umeshapinda.

Halafu kuna kodi za nyumba. Mwaka 2025 kule Itabashi, Tokyo, wapangaji wa jengo moja waliletewa taarifa kuwa kodi inatoka yen 72,500 hadi 190,000, na ndani ya jengo hilohilo vyumba vinalaza wageni. Hapa Osaka, kata ya Konohana, jengo zima la vyumba zaidi ya 200 likapangwa kuwa minpaku na majirani wakakusanya saini kupinga. Dada, wewe ulikaa wiki tisa ukaondoka salama. Sisi tumebaki.

Mwanafunzi Fukuoka

Kwani lazima minpaku? Sheya hausi zipo: chumba chako, jiko na bafu mnashirikiana, kuanzia mwezi mmoja, na nyingi hazidai kilemba wala mdhamini. Nilipokuja mara ya kwanza nililipa yen 48,000 kwa mwezi, umeme na maji humohumo. Zipo pia hizi wanazoziita manthly mansheni, nyumba za kupanga kwa mwezi, zina samani zote. Ukikaa kuanzia mwezi mmoja ule ni mkataba wa kupanga wa muda maalumu, hauhesabiwi malazi, kwa hiyo hizi sheria za minpaku hazikuhusu. Watu hawazitafuti tu.

Mama Mkubwa

Mdogo wangu wa Fukuoka, nilizitafuta. Sheya hausi niliyoipata ilikuwa na utaratibu: jikoni mwisho saa tano usiku, kuanza saa moja asubuhi. Sawa, ni haki ya wanaolala. Lakini uji wangu ni wa saa kumi.

Manthly mansheni niliiandika kwenye daftari: yen 3,200 kwa siku, umeme na maji 900 kwa siku, usafi 25,000 mara moja, matandiko 6,000. Kwa siku 63 inafika 289,300, imepishana na minpaku yangu kwa yen 5,800 tu. Kwa hiyo nakubali, bei si hoja. Hoja ni mahali. Zile za bei hiyo zilizokuwa na nafasi zilikuwa upande wa Shin-Osaka, zimewekwa kwa ajili ya watu wa maofisi. Ningevuka jiji zima kwa treni kwenda na kurudi, na mtoto ana wiki moja. Minpaku ipo mtaani kwa watu. Ndugu yangu wa Naniwa, najua hicho ndicho unachokilalamikia, na mimi hicho ndicho nilichokifuata.

Mtu wa Minada

Nanunua magari, nakuja Japani mara mbili au tatu kwa mwaka, wiki nne hadi sita. Wakuu, nendeni kata ya Nishinari hapo Osaka, shukeni stesheni ya Shin-Imamiya. Chumba cha tatami tatu, godoro unakunja asubuhi, bafu la pamoja, yen 2,000 na kitu kwa usiku. Sijawahi kuibiwa hata soksi. Hoteli ya capsule, ile ya vijisanduku vya kulala mtu mmoja, sikushauri kwa kukaa muda mrefu. Ilianzia hukohuko Osaka, 1979, ikakusudiwa mtu aliyekosa treni ya mwisho akalala usiku mmoja akaondoka. Mimi nililala siku tano mgongo ukanikatalia.

Mkazi wa Naniwa

Kaka, Nishinari naijua, nimefanya kazi pale. Hizo nyumba zinaitwa doya, ni neno yado, yaani malazi, lililogeuzwa, kwa kuwa wenyewe waliona hazistahili kuitwa malazi. Walijengewa vibarua wa kutwa, waliojenga barabara na viwanja vya Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1970 hapa Osaka. Wengi sasa ni wazee, wanaishi kwa msaada wa serikali, na chumba hicho cha tatami tatu ndiyo nyumba yao ya mwisho. Zingine zimepakwa rangi zikaandikwa kwa Kiingereza. Aprili 2022 hoteli kubwa imefunguliwa mbele ya stesheni hiyo hiyo. Sisemi usilale pale. Nasema kila tunapomwambia mgeni "nenda pale ni rahisi", kuna mzee anayesogezwa, na yule hana pa kusogea.

Mtu wa Minada

Hilo sikulijua. Mzee wa chumba cha jirani yangu alikuwa ananiachia gazeti mlangoni kila siku, japo sijui kulisoma. Safari iliyopita sikumkuta, na nilipouliza mapokezi wakanijibu kwa mkono tu.

Fundi Usafi

Nasafisha vyumba hivi vya minpaku, kata za Naniwa na Chuo, mwaka wa nne. Mama Mkubwa, siku saba zako zilishajaribiwa. Mwaka 2016 walioomba kibali walikuwa wachache mno, kwa sababu watalii wengi hawakai siku saba mahali pamoja. Wenye vyumba wakaendelea kulaza watu bila kibali, na mgeni asiyeandikwa popote ndiye mbaya zaidi kwa jirani, maana hata pa kumshitaki hakuna. Ndiyo maana wakashusha.

Na hesabu ya mwenye chumba iko hivi: mgeni wa siku tatu ananilipa mimi usafi, na wakati wa maua ya sakura bei ya usiku mmoja inapanda mara mbili, mara tatu. Mgeni wa miezi miwili anaomba apunguziwe. Wewe ulipata 4,500 kwa kuwa ulikuja Januari na Februari, vyumba vimelala. Ungekuja mwisho wa Machi usingekipata.

Lakini niseme na hili kutoka kwenye mikono yangu. Chumba cha mtu wa mwezi mmoja nakikuta kimefagiwa, taka zimegawanywa, chupa zimesuuzwa, kwa sababu jirani alishamfundisha au alishamgombeza. Cha siku tatu nakikuta na ndizi ndani ya mfuko wa chupa. Si tabia ya mtu. Mtu wa siku tatu hajapata muda wa kujifunza.

Mama Mkubwa

Fundi Usafi, umenipinga na kunisaidia kwa mpigo mmoja. Siku ya tatu pale Ikuno mama mmoja wa Kikorea wa nyumba ya pili alinirudishia mfuko wangu mlangoni, akaumwaga mbele yangu, akatenga plastiki huku, karatasi huku, hatukuwa na hata neno moja la pamoja. Nililia nilipofunga mlango. Wiki ya pili akaniletea supu ya mwani, akionyesha tumbo na kifua, yaani ni ya mzazi. Kumbe wanawapa wazazi wao kama sisi tunavyowapa mtori.

Ndugu wa Naniwa, uliposema mimi nilipita tu, neno lile limeniuma kidogo. Wajapani wenyewe wana satogaeri: mwanamke anarudi kwao kujifungua, anakaa na mama yake mwezi hivi baada ya mtoto kuzaliwa. Mdogo wangu kwao ni Tanga. Hakuweza kurudi, ndiyo maana kwao kukamfuata. Watu wa namna yangu ni wengi, wapo wanaouguza ndugu hospitalini, wapo wanaosubiri viza ya ndoa. Sheria inatuona sote ni watalii. Kama siku saba hazitoshi kwa sababu alizozitaja Fundi, basi wafanye siku 14, na mwenye kibali awe anaishi ndani ya jiji, na namba yake ibandikwe mlangoni pa majirani. Nionyesheni ubaya wake.

Mwanafunzi Fukuoka

Ubaya ni kwamba hakuna atakayekiomba kibali hicho. Fundi kakueleza hesabu. Mwenye nyumba atakayekubali siku 14 atafanya manthly mansheni tu, hana haja ya kibali.

Fundi Usafi

Akiwa mtaani kama Ikuno na chumba ni chakavu, anaweza kukubali. Namjua mmoja, mama mjane, chumba cha mwanawe aliyehama. Hapendi masanduku ya kila siku, anataka mtu atakayemwamkia. Alikuwa anajiandaa kuomba kibali. Sasa amechelewa.

Mkazi wa Naniwa

Kwa huyo mjane mimi ningetia saini leo. Anakaa hapohapo, ukigonga anafungua. Siku 14, mwenyewe yupo jengoni, taka zake analipia: nakubali, Mama Mkubwa, na nitamwambia mke wangu. Ila wa kisanduku cha namba, awe wa siku tatu au mia, wamfutie hata kibali alichonacho. Wewe unakubali hilo?

Mama Mkubwa

Mwenye chumba changu alikuwa wa kisanduku. Sikumwona hata siku moja kwa wiki tisa. Nimekaa na swali lako tangu jana usiku. Nakubali.