Stenlesi inanimalizia visu, msaada wakuu

Fundi_Pasua: Wakuu habari za jioni, niko Moshi hapa Pasua, nina leithi (mashine ya kukereza) ya zamani ila iko vizuri. Kuna mzee wa Kibosho kaniletea shafti ya mashine ya kumenya kahawa imelika pale inapokaa beringi, nikaona nimkerezee mpya kabisa nikapata stenlesi 304, chuma kisichoshika kutu, ya kipenyo cha milimita 40. Sasa haikatiki, nimeweka kisu cha haispidi (kile cha chuma kigumu cha kukatia), mashine raundi 500 kwa dakika kama siku zote, dakika mbili haziishi ncha imeshakuwa bluu na makali yamekufa, nanoa narudi inakula kidogo inaanza kupiga yowe, shafti inang'aa kama kioo kisu kinateleza tu. Visu vitatu vimeshakwenda. Kahawa zimeiva na mzee anapiga simu kila jioni.

Mkereza_UngaLtd: Pole mangi. Raundi 500 ndo zinakuumiza. Chukua spidi ya kukatia, yaani mita za kazi zinazopita kwenye kisu kwa dakika, zidisha 318 gawa kwa kipenyo cha milimita, unapata raundi. Stenlesi kwa haispidi mi sizidi mita 15 kwa dakika, kwa hiyo 15 mara 318 gawa 40 ni kama 119, weka gia iliyo chini yake. Wewe ulikuwa unakwenda karibu mita 63! Hizo 500 najua umezizoea kwenye shafti nyembamba za chuma laini, kwa milimita 20 zinakupa mita 31 hapo sawa, ila kipenyo kikikua raundi lazima zishuke.

Dada_Fita_Arusha: Na huko kung'aa ndo kubaya zaidi kaka. 304 ukiisugua bila kuikata ngozi yake inakomaa, inakuwa ngumu kuliko ndani. Usiiguseguse. Kama bado una nyama ingia nusu milimita au zaidi upite chini ya hiyo ngozi, fidi, yaani kisu kisogee, kama milimita 0.15 kwa mzunguko, na kisu kisisimame katikati kikiwa kimegusa kazi. Kulanti ya kupoozea imwagike muda wote, ile ya kupaka na brashi haitoshi.

Fundi_Pasua: Asante sana dada angu. Nikinunua kisu cha kabaidi, kile kigumu zaidi, je?

Mkereza_UngaLtd: Kabaidi inataka mwendo, mita 80 kwenda juu, yaani raundi 600 na kitu kwa shafti yako, na mashine isitikisike maana ikitikisika ncha inameguka. Leithi ya zamani mi ningebaki na haispidi.

Fundi_Pasua: Wakuu mrejesho. Nimeshusha mpaka 105, nimeingia milimita nzima, yowe limekata na maranda yanatoka meupe yamejiviringa kama springi, kisu kimoja kimefika mwisho wa shafti bila kunolewa. Mungu awabariki. Nimebakiza milimita moja kwenye kipenyo, umeme umekatika.

Dada_Fita_Arusha: Safi sana. Ukirudi noa kisu kwanza, halafu kwenye beringi pima kabla ya mkato wa mwisho, shafti ikiwa imepoa. Ya moto itakudanganya.