Mrejesho: Sindano ya uvimbe wa mbwa, asubuhi au jioni?

Wakuu, niliuliza kama mbwa jike mwenye uvimbe wa ukeni, ule unaoambukizwa kwa kupandana, achomwe vinkristini, dawa ya saratani ya kuchomwa mshipani, saa ngapi. Matibabu yanaendelea hapa Mikindani na uvimbe unasinyaa.

Kwa dawa hii kinachopangwa ni wiki, si saa. Ni miligramu 0.025 kwa kilo, mara 1 kwa wiki, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Mbwa wa kilo 16 anapata miligramu 0.4. Kabla ya kila sindano hupimwa damu. Chembe nyeupe zikiwa chini ya 4,000 kwa mikrolita moja ya damu, sindano inaahirishwa siku 3 au 4.

Asubuhi ina faida nyingine: jua la Mtwara halijawaka, na kuna mwanga wa kuutazama mshipa. Hapo ndipo penye hatari, maana dawa ikivuja nje ya mshipa nyama inaoza. Daktari aweke kanula, yaani kimrija cha kuingia mshipani, aijaribu kwanza kwa maji ya chumvi, na dawa ikishaingia aisafishe kwa hayo hayo.

Mkojo na kinyesi cha mbwa shikeni kwa glavu, maana dawa hutoka humo. Na msiache katikati eti uvimbe umepungua, unarudi.