Naomba ushauri: bastola ya kwanza ya kubeba chini ya shati, nichukue ipi?

SimsimLira
Habari zenu wakubwa. Mimi nanunua simsim na soya huku Lira na Kitgum, nawauzia wenye maghala Kampala. Msimu ukifika, wakulima wengi bado wanataka noti mkononi. Pesa ya simu wanaipokea shingo upande kwa sababu ya makato ya kutoa. Wenzangu wameshaviziwa njiani na kunyang'anywa, ndiyo maana nimeomba cheti cha kumiliki silaha. Maombi yameshapita kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kwa DISO (ofisa usalama wa wilaya) na kwa DPC (mkuu wa polisi wa wilaya), sasa nasubiri jibu la makao makuu ya polisi Naguru.

Sijawahi kumiliki silaha yoyote. Muuzaji mwenye leseni amenionyesha tatu: Glock 19, Glock 43X, na Jericho iliyotumika, chuma kitupu. Moyo wangu umeegemea 43X kwa sababu ni nyembamba. Mimi ni mwembamba, huku ni joto, koti sivai. Mke wangu yeye anataka rivolva, ile ya silinda inayozunguka, hana imani na bastola isiyo na kitufe cha usalama. Na je, nitembee na risasi ndani ya chemba, pale inapokaa tayari kufyatuliwa, au chemba iwe tupu? Nisaidieni kabla sijalipa.

Afande_Mstaafu
Umefanya vizuri kuuliza mapema, kijana wangu.

Jericho iache. Si mbaya, ukiipiga inatulia mkononi kwa sababu uzito unameza teke, ule msukumo wa nyuma unapofyatua. Lakini ya chuma kitupu inafika kilo moja hivi kabla hujaweka risasi. Ukikaa nayo kiunoni garini kutoka Lira hadi Kampala, kufika Karuma umeshaivua na kuiweka kwenye dashibodi. Bastola ya kwenye dashibodi ni mali ya mwizi wa kwanza atakayevunja kioo. Tena hiyo imeshatumika. Rais aliagiza mwaka 2018, baada ya kuuawa mbunge Ibrahim Abiriga, kwamba bunduki zote nchini zichukuliwe alama ili risasi ikiokotwa ijulikane imetoka wapi. Silaha yenye mmiliki wa zamani lazima kumbukumbu zake zihame zije kwa jina lako, namba kwa namba. Usikubali kuambiwa "tutamalizia baadaye".

Zinabaki Glock mbili. Watu wengi hudhani mtutu ndio unaoonekana chini ya shati. Mtutu unazama ndani ya suruali, hauna shida. Kinachokuumbua ni mpini, ule unaochomoza nyuma ya nyonga ukiinama. Sasa mwambie muuzaji aziweke hizo mbili ubavu kwa ubavu: mpini wa 43X ni mrefu sawasawa na wa 19. Tofauti ni unene, na yenyewe haifiki sentimita moja. Kwa tofauti hiyo unaacha risasi tano, maana 43X inabeba 10 na 19 inabeba 15, na unapata silaha nyepesi inayopiga teke zaidi. Kwa mtu anayeanza kujifunza, teke ndilo linalozaa woga, na ukishaanza kufumba macho kabla ya mlio hutalenga tena.

Mimi kwako ningesema 19. Ila mkono wako ndio wenye neno la mwisho. Ikiwa tupu, na umehakikisha mwenyewe kwa macho na kwa kidole kwamba chemba haina kitu, ishike mpini ukae katikati ya kiganja, mtutu uelekee mahali salama. Kidole kikifika kwenye triga kwa ile nyama ya ncha bila kuzungusha mkono, inakufaa. Ukilazimika kuupinda mkono ndipo ufike, ni kubwa kwako, chukua 43X bila aibu.

Dada_Bweyogerere
Namheshimu Afande ila kwa mwili mdogo sikubaliani naye moja kwa moja. Mimi nina kibanda cha kubadilisha fedha na nabeba SIG P365, ndogo kuliko zote hizo mbili, nayo inaingia risasi 10. Silaha kubwa ikikuchubua kiuno utaanza kuiacha nyumbani. Ndogo inanichosha kwenye uwanja wa shabaha, hilo ni kweli. Nafanya mazoezi mafupi mafupi, nikianza kuchoka naacha.

Kuhusu mama watoto, msikilize, ana hoja. Rivolva ndogo haina slaidi, kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma kuingiza risasi, na triga yake ni nzito na ndefu, haifyatuki kwa kuguswa tu. Lakini uzito huo huo ndio unaokupotezea shabaha, na nyingi za kubeba zina risasi tano. Glock nayo haikosi usalama. Ule ulimi mdogo katikati ya triga na vizuizi vya ndani vinafanya isilie ikianguka. Isichokuwa nacho ni kizuizi dhidi ya kitu kinachoingia kwenye triga: kidole, kamba ya jaketi, ncha ya shati. Kwa hiyo usalama wako uko kwenye kifuko cha kubebea bastola. Nunua cha plastiki ngumu kilichofinyangwa kwa modeli hiyo hiyo, kinachofunika triga yote na kubaki wazi mdomo hata bastola ikitoka. Vile vya kitambaa vinavyouzwa kwa bei ya chee vikilegea hujikunja, na mkunjo unaingia kwenye triga wakati wa kurudisha bastola kifukoni. Unaporudisha, inua shati juu kabisa, angalia, nenda polepole. Hakuna aliyewahi kuharakishwa kurudisha bastola kiunoni.

Na usibebe kwenye begi la pesa. Wakichukua begi wamechukua vyote.

Mzee_wa_Bombo
Mbona hakuna aliyetaja Makarov? Bei nafuu, chuma kigumu, ina kitufe cha usalama anachokitaka mke wako. Sisi tumekua nayo.

Afande_Mstaafu
Mzee wangu, Makarov naiheshimu, lakini risasi yake ni milimita 9 kwa 18, na hizi Glock ni 9 kwa 19. Kijana akiambiwa tu "milimita tisa" atanunua isiyoingia. Achague silaha ambayo risasi zake atazipata kihalali mwaka hadi mwaka, za kubeba na za mazoezi.

Boss_Kikuubo
Hakuna aliyezungumzia mageti, na Kampala mageti ndiyo maisha. Tangu mabomu ya Julai 2010 pale Kyadondo na Kabalagala, benki, hoteli, maduka makubwa na hata makanisa wanakupitisha kwenye mashine au kukupapasa. Mwenye bastola kiunoni anasimamishwa kila mahali. Mlinzi kijana akigusa chuma bila kuambiwa, anashtuka, naye ana bunduki yake. Kwa hiyo simama mbali kidogo, mikono ionekane, mwambie kwa sauti ya chini: "Nina silaha yenye cheti, iko upande wa kulia." Usiitoe kumwonyesha! Kila kuitoa na kuirudisha mbele ya watu ni nafasi ya ajali. Ukiona siku yako ni ya benki na maofisini, iache nyumbani kwenye sefu iliyofungwa kwa bolti ukutani, funguo usimwachie mtoto wala mfanyakazi.

Na wewe wa simsim najua mnavuka Elegu kufuata wateja wa Juba. Cheti cha Uganda mwisho wake ni mpakani. Malaba na Busia, upande wa Kenya, vivyo hivyo.

Mkulima_Kitgum
Mimi nasema kama mtu anayewauzia watu kama wewe. Wanaovizia njiani hawaji mmoja. Wakiwa watatu na AK, bastola yako itawafanya wafyatue ambao wangechukua pesa tu wakaondoka. Lipeni kupitia wakala wa benki, gawanyeni malipo, na makato ya kutoa yabebeni nyinyi wanunuzi. Tutakubali, nakuhakikishia.

SimsimLira
Asanteni sana. Mkulima, hilo la kubeba makato nimelipiga hesabu usiku, na kwa wakulima wakubwa nitaanza msimu huu. Kwa wadogo bado nitahitaji noti, ila kiasi kitapungua sana. Na nimekuelewa: wakiwa wengi, wapewe pesa.

Leo nimeshika zote mbili. Ya 19 kidole kinafika vizuri. Shida yangu ilikuwa slaidi, nilishindwa kuivuta. Na bado swali la chemba.

Afande_Mstaafu
Slaidi usiivute kwa vidole viwili. Ikumbatie kwa juu na kiganja kizima cha kushoto, ibane kifuani karibu, kisha sukuma mpini mbele kwa mkono wa kulia. Kidole nje ya triga, mtutu mbele daima. Nguvu unayo, ulikuwa unaikosa mbinu.

Chemba iache tupu mpaka mwalimu akuone ukiitoa na kuirudisha mara nyingi bila kidole kutangulia. Hapo mtajadiliana upya.

Dada_Bweyogerere
Hapo nakubaliana na Afande. Mimi natembea na risasi ndani ya chemba, lakini sikuanza hivyo. Na pombe, kaka: siku ya chupa moja ni siku ya kuiacha kwenye sefu.

SimsimLira
Sinywi, dada. Basi ni 19, kifuko kigumu, na mkanda mpana wa ngozi nzito maana huu wangu unalegea. Silipi mpaka Naguru wajibu na niwe nimezipiga zote mbili uwanjani mbele ya mwalimu. Mke wangu nitakwenda naye siku hiyo, akauone ule ulimi wa triga kwa macho yake.