Naomba ushauri: nimebishana na mtu kuhusu Khan na Chekov, nimalizeje?

Mwezi Mchanga (mleta uzi)
Wakuu habari zenu. Kuna rafiki yangu tumebishana kuhusu Star Trek ile ya zamani, tamthilia ya TV ya safari za anga, mpaka tumenuniana. Mimi nasema filamu ya 1982 ina tundu kubwa: Khan, yule adui, anamkumbuka kwa sura Chekov, ofisa wa meli ya anga ya Kapteni Kirk, wakati "Space Seed", episodi ambayo Khan alikutana na meli ya Kirk, ilirushwa Februari 1967. Chekov kaanza kuonekana Septemba mwaka huohuo, msimu wa pili. Walionana wapi? Mwenzangu anaapa alimwona Chekov kwenye episodi ile kwa macho yake. Nipeni ushahidi wa kumfunga mdomo, hata usingizi sipati.

Fundi Redio
Achana na Chekov, mkuu, mpige na jiwe la kaburi. "Where No Man Has Gone Before", 1966. Gary Mitchell kageuka kama mungu, anamtengenezea Kirk kaburi kwa nguvu za akili tu, halafu jiwe linasomeka James R. Kirk. Sote tunamjua ni James T. Uungu wote ule, na ni rafiki yake wa siku nyingi, herufi moja inamshinda!

Bibi Nyota
Hangaikeni na herufi. Kwenye Doctor Who, tamthilia ya Waingereza ya msafiri wa wakati anayeitwa Daktari, Atlantis, ule mji wa hadithi uliozama, imeangamizwa mara tatu: hadithi ya 1967, ya 1971 na ya 1972, kila moja na maelezo yake. Niliwahi kumweleza mume wangu hilo mezani, akaniomba nimsogezee chumvi. Tunaishi kwa amani.

Kaka Sumaku
Mleta uzi, huyo "rafiki" ni nani hasa? Mtu hakosi usingizi kwa ajili ya rafiki.

Mwezi Mchanga
Ni mtu mzima kidogo.

Kaka Sumaku
Mzima kiasi gani? Tiririka.

Mwezi Mchanga
Haya. Ni baba wa mchumba wangu, na Jumamosi familia yote inakutana. Lakini hoja haibadiliki, ukweli hauna mkubwa.

Bibi Nyota
Mwanangu, baba mkwe habishiwi mbele ya watoto wake. Mwache ashinde, wewe uoe.

Mwezi Mchanga
Shikamoo mama. Tatizo video nimeshaitengeneza, na mishale myekundu nimeweka. Siwezi kuitupa sasa hivi.

Fundi Redio
Kabla hujajimaliza, angalia tarehe za nyota, yaani kalenda ya humo Star Trek. "Space Seed" ni 3141.9. "Catspaw" ya msimu wa pili, ambayo Chekov yumo, ni 3018.2. Yaani kwa kalenda yao wenyewe jamaa alikuwa tayari melini Khan alipoingia, sema kamera haikumfikia. Koenig, aliyeigiza Chekov, huwatania mashabiki kwamba alikuwa chooni na Khan anamsubiri nje kwa hasira. Kwa hiyo kwa upande wa studio wewe uko sahihi, kwa upande wa meli mzee ana pa kushikilia. Hilo la kumwona kwa macho ndilo kajiongezea.

Mwezi Mchanga
Zile tarehe zilipangwa ovyo, kila mtu anajua. Video haibadiliki.

Msomaji Kimya
Nimekaa paleee nasoma tu. Wakuu, hii chai. Mwezi uliopita huyuhuyu alifungua uzi kuomba mbinu za kuachana na mchumba, akasema binti ni yatima wa baba.

Kaka Sumaku
Eeeh! Marehemu kafufuka na anabishia Khan!

Mwezi Mchanga
Yule alikuwa mwingine.

Msomaji Kimya
Ndani ya mwezi mmoja umeacha, umepata, na umeshanuniana na mkwe?

Fundi Redio
Tumvumilie jamani. Klingon, wale viumbe wa sayari nyingine wa Star Trek, miaka ya 1960 walikuwa na paji laini, filamu ya 1979 ikawaotesha matuta, na sababu tukaja kuipata 2005, tamthilia ya Star Trek iitwayo Enterprise iliposema ni virusi. Mleta uzi naye apewe muda aandike episodi ya kuziba.

Bibi Nyota
Au mzee kaongezewa maisha kama Daktari. Mwaka 1976 tuliambiwa Time Lord, yaani mtu wa jamii ya Daktari, anabadilika mwili mara 12 basi. Mwaka 2013 zimemwishia, wakamjazia nyingine. Waandishi hawashindwi.

Mwezi Mchanga
Chekeni tu, Jumamosi ni yangu peke yangu. Nianze na Khan au na jiwe?

Fundi Redio
Jiwe. Unasimamisha picha, herufi hiyo hapo, hakuna wa kubisha.

Mwezi Mchanga
Na akisema hiyo R ilikuwa utani wao wawili?