Mzee wangu hajawahi kuhama Maswa, mbona vyeti vyake vinataja Jimbo la Ziwa, Shinyanga na Simiyu?

Mjukuu wa Maswa anauliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Ninakusanya kumbukumbu za ukoo wetu, na wiki iliyopita mzee wangu alinikabidhi bahasha ya kaki yenye vyeti vyake vyote. Kadi yake ya ubatizo ya mwaka 1956, iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kutoboka, inasema alizaliwa Maswa, Jimbo la Ziwa. Cheti chake cha darasa la saba cha mwaka 1971 kinasema Maswa, Mkoa wa Shinyanga, na kitambulisho chake cha Taifa kinasema Mkoa wa Simiyu. Mzee mwenyewe hajahama hata mara moja. Mji wake uko palepale lilipo kaburi la baba yake, na mkwaju aliokuwa akicheza chini yake utotoni bado unazaa.

Nilipotafuta idadi ya watu ili niandike kidogo kuhusu eneo letu, nilizidi kuchanganyikiwa. Sensa ya mwaka 2002 inaupa Mkoa wa Shinyanga watu takribani milioni 2.8, lakini ya mwaka 2012 inaupa watu milioni 1.5 tu. Naomba kueleweshwa mikoa yetu ilibadilika lini na kwa utaratibu gani, watu hao zaidi ya milioni moja walikwenda wapi, na katika kitabu cha ukoo niandike mzee alizaliwa mkoa gani.

Karani Mstaafu:

Marahaba, mwanangu. Nilikuwa karani wa masijala katika ofisi za Serikali kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya miaka hiyo nikiwa Mpanda, kwa hiyo jambo unalouliza nimelishika kwa mikono yangu.

Waingereza waliigawa Tanganyika katika majimbo, na kila jimbo likawa na wilaya zake, ambako alikaa yule mtawala ambaye wazee wetu walimwita Bwana Shauri. Jimbo la Ziwa lilikuwa na makao yake Mwanza, na Maswa ilikuwa mojawapo ya wilaya zake. Katika miaka miwili mitatu ya mwanzo ya uhuru majimbo hayo makubwa yalivunjwa, ikaundwa mikoa iliyo midogo zaidi: Jimbo la Ziwa likatoa Mwanza, Mara na Shinyanga, la Kaskazini likatoa Arusha na Kilimanjaro, la Kati likatoa Dodoma na Singida, na la Magharibi likatoa Tabora na Kigoma. Hata neno lenyewe lilihama kazi, kwani leo ukisema jimbo mtu anaelewa jimbo la uchaguzi au la kanisa, na kijana akisoma kadi kama ya mzee wako anaweza kudhani ni habari za mbunge.

Baada ya hapo mabadiliko yalikuja moja moja. Lindi ilitengwa na Mtwara mwaka 1971, Dar es Salaam ikatengwa na Pwani muda mfupi baadaye, na mwaka 1974 ukaundwa Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Ziwa Magharibi, wenye makao yake Bukoba, ulibadilishwa jina ukawa Kagera baada ya vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979. Manyara ilitoka Arusha mwaka 2002. Mwaka 2012 ilizaliwa mikoa minne kwa mpigo, yaani Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 ukaongezwa Songwe. Leo tuna mikoa 31, ambapo 26 iko Bara na mitano iko Zanzibar.

Mpanda ilinifundisha zaidi ya orodha hiyo. Wilaya hiyo ilikuwa Jimbo la Magharibi, ikawa Mkoa wa Tabora, na hilo lilikuwa na mantiki yake, kwa sababu reli inayotoka Kaliua ndiyo iliyoiunganisha na nchi nzima. Mwaka 1974 ikaunganishwa na Sumbawanga iliyotoka Mbeya, wakawa Rukwa, na sasa ni Katavi. Nakumbuka jalada moja la shamba ambalo jalidi lake lilikuwa na muhuri wa Tabora uliofifia rangi ya zambarau, na juu yake, kwa kuegemea upande, muhuri wa Rukwa. Barua za ndani zilihusu shamba lilelile na mpaka uleule wa miti ya miembe. Mtu aliyelitafuta jalada hilo kwa jina la mkoa peke yake asingelipata, lakini aliyelitafuta kwa wilaya na kijiji alilipata siku hiyohiyo.

Kuhusu utaratibu, Ibara ya 2(2) ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kuigawa nchi katika mikoa na wilaya kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria, naye akitaka kuigawa Zanzibar hushauriana kwanza na Rais wa Zanzibar. Kwa kawaida maombi huanzia chini, yanapita katika baraza la madiwani, kisha kamati ya ushauri ya wilaya na ya mkoa, ndipo yanafika juu, na uamuzi hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Tangazo hilo ndilo linaloonyesha mpaka umepita wapi, na ninasikitika kuona watafiti wengi hawalitafuti.

Uangalie na jambo moja zaidi, kwamba hata mkoa usiobadilika mipaka umebadilika kazi. Mwaka 1972 halmashauri zilivunjwa chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, na mkoa ukawa ndio unaopanga na kutekeleza maendeleo. Halmashauri ziliporudi mwaka 1984, kazi hizo zikaanza kurudi kwao. Kwa hiyo barua ya mkoa ya mwaka 1976 ina uzito tofauti na ya leo.

Mwalimu wa Jiografia:

Nashukuru kwa maelezo ya mzee aliyetangulia. Nitajibu la idadi ya watu, kwa sababu kila mwaka wanafunzi wangu wa kidato cha nne hutumbukia katika shimo hilohilo.

Ndugu, hao watu hawakwenda popote. Shinyanga ya mwaka 2002 ilikuwa na Bariadi, Maswa, Meatu na Bukombe ndani yake, na Shinyanga ya mwaka 2012 haina hata moja kati ya hizo. Wengi hujaribu kurekebisha kwa kujumlisha Shinyanga na Simiyu, lakini hesabu hiyo nayo inakosea pande zote mbili: Simiyu imepewa Busega, ambayo ilikuwa sehemu ya Magu mkoani Mwanza, na Bukombe pamoja na Mbogwe iliyotoka ndani yake zimekwenda Geita.

Hesabu iliyo sahihi hufanywa kwa wilaya. Mwaka 2012 Shinyanga mpya ilikuwa na watu 1,534,808. Ongeza Bariadi 422,916, Itilima ambayo ilimegwa kutoka Bariadi 313,900, Meatu 299,619 na Maswa 344,125. Kisha ongeza Bukombe 224,542 na Mbogwe 193,922. Utapata watu 3,333,832 katika eneo ambalo miaka kumi kabla lilikuwa na takribani milioni 2.8. Eneo lile liliongezeka zaidi ya watu nusu milioni, na anayesoma jedwali la mikoa bila kutazama ramani ataandika kwamba lilipoteza karibu nusu ya watu wake.

Mbeya nayo ilikuwa na watu takribani milioni 2.7 mwaka 2012 na milioni 2.3 mwaka 2022, kwa sababu Songwe, yenye milioni 1.3, ilikuwa imetoka. Naomba sana wanaoandika ripoti walizingatie hili, kwa maana madawati, dawa na walimu hupangwa kwa takwimu kama hizi.

Mkazi wa Tunduma:

Mimi niko Songwe, na ningependa tusiishie kwenye majedwali. Kabla ya mwaka 2016, mtu wa Tunduma mwenye shida ya ngazi ya mkoa alisafiri zaidi ya kilomita 100 hadi Mbeya mjini, na wa Ileje alikuwa na safari ngumu zaidi, hasa masika. Mama yangu aliwahi kwenda Mbeya mara tatu kwa ajili ya karatasi moja, kila mara akilala kwa ndugu na kubeba kilo za mchele ili asiwaelemee. Leo makao makuu ya mkoa yako Vwawa, na anakwenda na kurudi kabla jua halijazama.

Najua wako wanaosema kila mkoa mpya ni majengo mapya, magari mapya na mishahara ya wakubwa, na hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa fedha hizo zingeweza kuchimba visima. Hata hivyo, anayeishi karibu na ofisi ni rahisi kwake kuiona ofisi kuwa ni gharama tu. Katika ofisi moja ya kijiji huku kwetu, ubao umepakwa rangi upya na kuandikwa Mkoa wa Songwe, lakini jua likiupiga jioni unaona herufi za Mbeya zikijitokeza chini ya rangi. Wazee wakiona hivyo hukumbuka ile nauli.

Mjukuu wa Maswa:

Nawashukuru wote kwa dhati. Nimeamua kuandika hivi: alizaliwa Maswa mwaka 1956, wakati huo ikiwa Jimbo la Ziwa, kisha Mkoa wa Shinyanga, na tangu mwaka 2012 Mkoa wa Simiyu. Je, inatosha?

Karani Mstaafu:

Bado kidogo, mwanangu. Maswa ya mwaka 1956 si Maswa ya leo. Bariadi na Meatu zilikuwa ndani yake, kwa hiyo neno Maswa kwenye kadi ile linaweza kumaanisha mahali palipo mbali sana na mjini Maswa. Kwa mzee wako aliye hai jambo hilo halina shida, lakini ukifika kwa babu na bibi utakwama. Geuza ile kadi utazame nyuma. Kabla utawala wa machifu haujafutwa mwaka 1963, mapadri na makarani wengi waliandika jina la mtemi, yaani chifu, au la mwanangwa, yaani kiongozi wa kijiji aliyekuwa chini ya mtemi, na jina hilo hukufikisha kijijini kuliko jina la wilaya.

Mjukuu wa Maswa:

Nimeigeuza. Kuna jina la mwanangwa limeandikwa kwa penseli, nami siku zote nilidhani ni jina la msimamizi wa ubatizo. Nimemsomea mzee kwa simu, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia huyo alikuwa akikaa ng'ambo ya mto, na kwamba Jumamosi tutakwenda wote akanionyeshe lilipokuwa zizi lake.